Paa Hujulikana Masika: Hotuba Kuhusu Uchumi wa Japani

Hotuba hii niliitoa Dar es Salaam mbele ya wanafunzi wa uchumi na wafanyabiashara wa magari na vipuri. Wengi walioshindwa kufika wameniomba niiandike. Nimeiweka kama nilivyoitamka, ila nimeacha michoro niliyoionyesha ukutani.

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu shikamooni. Walimu wenzangu, vijana wangu wa chuo, na ninyi ndugu zangu wa Gerezani na Kariakoo mliofunga maduka mapema ili mfike hapa: assalaam aleykum, Bwana Yesu asifiwe, habari za jioni.

Nianze na tarehe moja: 22 Februari 2024. Siku hiyo kipimo cha bei za hisa cha Nikkei, kule Tokyo, kilifunga kwenye pointi 39,098. Ilikuwa mara ya kwanza kuvuka kilele kilichofikiwa tarehe 29 Desemba 1989. Hesabuni wenyewe. Kijana aliyenunua hisa siku ile ya kilele akiwa na miaka 30, ukiacha gawio, alisubiri mpaka akawa mzee wa miaka 64 ndipo bei ikarudi pale alipoinunulia.

Sasa nawauliza. Nchi ambayo soko lake la hisa limechukua miaka 34 kurudi lilipokuwa, nchi ambayo mishahara imekaa palepale kwa karibu kizazi kizima, nchi ambayo deni la serikali ni zaidi ya mara mbili ya pato la taifa, nchi iliyopitwa na China mwaka 2010 na ikapitwa na Ujerumani mwaka 2023: uchumi wake ni imara au ni dhaifu? Nyoosheni mikono. Wanaosema dhaifu?

Naona ni wengi. Haya, pokeeni upande wa pili. Nchi hiyohiyo, kati ya kila watu 100 wanaotaka kazi, wasio na kazi hawafiki 3. Nchi hiyohiyo, kwa zaidi ya miaka 30 mfululizo hadi mwaka 2023, ndiyo iliyoidai dunia kuliko nchi nyingine yoyote. Na mwaka 2019, ilipobana uuzaji wa kemikali tatu tu kwenda Korea Kusini, viwanda vya chipu vya Korea, ambavyo ni miongoni mwa vikubwa kabisa duniani, viliingia kiwewe. Kemikali tatu! Hazina tangazo la televisheni, hazina jina ambalo mimi na wewe tungelitambua dukani, lakini bila hizo simu uliyoshika hapo haitengenezeki.

Kwa hiyo swali langu lilikuwa na mtego, na ndio mtego wanaoingia wachambuzi wengi. Tunasoma asilimia ya ukuaji wa mwaka, tunasema huyu imara, yule dhaifu. Ndugu zangu, sisi hapa tunajua kwamba nyumba zote ni nzuri wakati wa kiangazi. Paa hujulikana masika. Uchumi wa taifa nao uulizeni hivyo: umenyeshewa na nini, umevuja wapi, na maji yamemwangukia nani?

Japani imenyeshewa sana. Twende nayo taratibu.

Kabla ya vita vya pili kulikuwa na fundi seremala wa kijijini aitwaye Toyoda Sakichi, aliyehangaika maisha yake yote na mashine za kufuma vitambaa. Mwaka 1924 yeye na watu wake walikamilisha mashine ambayo uzi ukikatika, inasimama yenyewe. Basi. Huo ndio uvumbuzi wenyewe: mashine inayokataa kuendelea na kazi mbovu. Waingereza, mabingwa wa nguo wa dunia wakati ule, kupitia kampuni ya Platt Brothers, wakalipa mwaka 1929 ili wapate haki ya kuitengeneza. Mwanawe, Kiichiro, akaingia kwenye magari. Ndiyo, hiyo Toyota mnayoijua. Na desturi ya uzi uliokatika ikahamia kwenye magari: juu ya mstari wa kuunganishia ikafungwa kamba, na mfanyakazi yeyote, hata aliyeajiriwa juzi, akiona kasoro anaruhusiwa kuivuta na mstari mzima usimame.

Vijana, simameni kidogo kwenye jambo hilo. Kuna viwanda vingapi duniani ambamo kibarua anaruhusiwa kusimamisha kazi yote kwa sababu kaona bolti imekaa upande? Kuna ofisi ngapi? Mimi naamini kamba ile ina thamani kuliko mashine zote zilizokuwa chini yake, kwa sababu inamwambia mtu wa chini kabisa kwamba jicho lake linaaminiwa.

Lakini msidhani njia ilikuwa nyoofu. Mwaka 1950 Toyota ilikuwa ukingoni mwa kufilisika. Serikali ilikuwa imekaza mkanda kuua mfumuko wa bei, magari hayanunuliki, benki zikaikopesha kwa masharti, wafanyakazi wakagoma, zaidi ya 1,500 wakaondoka. Kiichiro akajiuzulu kwa kuubeba mzigo wa yaliyotokea. Mwezi uleule wa Juni vita vya Korea vikaanza, jeshi la Marekani likaagiza malori, na kampuni ikapona. Kiichiro hakuishi kuona ilivyokua. Alifariki mwaka 1952. Nawaambia haya kwa sababu kuna hadithi zinazosimuliwa kana kwamba Wajapani walifanikiwa kwa nidhamu peke yake. Nidhamu ilikuwepo, na bahati ya vita vya jirani nayo ilikuwepo. Msomi mkweli anayataja yote mawili.

Na mikopo ilikuwepo. Kati ya mwaka 1953 na 1966 Japani ilichukua mikopo 31 kutoka Benki ya Dunia. Mmoja, wa dola milioni 80, ulisaidia kujenga reli ya mwendo kasi kutoka Tokyo hadi Osaka, iliyofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1964, siku chache kabla ya Olimpiki ya Tokyo. Gharama zilipanda karibu mara mbili ya makadirio, na mkuu wa shirika la reli, Sogo Shinji, akaachia ngazi mwaka mmoja kabla treni haijaanza kubeba abiria. Deni la mwisho la Benki ya Dunia lilimalizwa mwaka 1990. Sisi ambao siku hizi tunapanda treni ya umeme kwenda Morogoro na Dodoma, habari hii inatuhusu. Kukopa hakukuidhoofisha Japani, kwa kuwa ilichokikopea kilibeba watu na mizigo na kikazalisha fedha ya kulipia.

Mwaka 1968 ikawa ya pili kwa ukubwa wa uchumi katika dunia ya soko huria, nyuma ya Marekani. Mwaka 1973 mafuta yakapanda bei ghafla, na Japani mafuta yake karibu yote yanatoka nje. Mwishoni mwa mwaka huo akina mama walipanga foleni na kugombania karatasi za chooni, na mwaka 1974 bei za bidhaa zilipanda kwa zaidi ya asilimia 20. Ile ilikuwa mvua kubwa ya kwanza. Walijibu kwa kutengeneza magari madogo yanayokunywa mafuta kidogo, na Mmarekani aliyekuwa anayacheka magari hayo akaanza kuyanunua.

Masika yenyewe yalikuja baadaye, na yalikuja kwa sura ya neema.

Septemba 1985, katika hoteli ya Plaza jijini New York, mawaziri wa fedha wa nchi tano walikubaliana kuishusha dola. Wakati ule dola moja ilikuwa takriban yeni 240. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya 160. Mwenye kiwanda anayeuza nje anaelewa maana yake: bidhaa yako imepanda bei mno kwa mnunuzi wa Marekani na wewe hujabadilisha hata rangi. Benki Kuu ya Japani ikashusha riba mpaka asilimia 2.5 ili kuwapa watu pumzi. Fedha rahisi ikakimbilia viwanja na hisa. Ilisemwa kwamba ardhi ya kasri la mfalme katikati ya Tokyo ilikuwa na thamani kuliko jimbo zima la California. Benki zilikopesha kwa dhamana ya viwanja, viwanja vilipanda kwa sababu benki zilikopesha, na kila mtu akajiona ana akili.

Benki Kuu iliposhtuka ikapandisha riba mpaka asilimia 6 mwaka 1990, na zile bei zilizovimba zikaporomoka. Nikkei ikaendelea kushuka, ikipanda kidogo na kushuka tena, hata Machi 2009 ikafika pointi 7,054.

Mnakumbuka, wazee, picha ya Novemba 1997? Yamaichi, moja ya kampuni nne kubwa za udalali wa hisa, yenye umri wa miaka 100, ilitangaza kufungwa. Mkuu wake, Nozawa Shohei, alisimama mbele ya kamera akalia machozi, akasema wenye makosa ni sisi viongozi, wafanyakazi hawana kosa, akaomba makampuni mengine yawachukue. Wafanyakazi wale walikuwa zaidi ya 7,000. Dunia iliona machozi ya mzee yule. Ambao dunia haikuwaona ni vijana waliokuwa wanamaliza chuo miaka ile.

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize kuliko pote.

Japani ina utaratibu wake wa ajira. Makampuni huchukua wahitimu wapya kwa mkupuo, na wote huanza kazi mwezi Aprili. Anayeingia kampuni kubwa alizoea kukaa humo mpaka anastaafu, mshahara ukipanda kwa umri. Ni utaratibu mzuri kwa aliyeingia. Lakini ukikosa Aprili yako, mwaka unaofuata makampuni yanachukua wahitimu wapya wa mwaka huo, na wewe si mpya tena. Mlango umefungwa, na haukufungwa kwa sababu ya alama zako. Umefungwa kwa sababu ya mwaka uliozaliwa.

Makampuni yalipobanwa miaka ya tisini, yalifanya uamuzi ambao kwa macho ya haraka ni wa utu: tusiwafukuze waliomo. Wazee wakabaki na viti vyao. Ili wabaki, vijana hawakuajiriwa. Ndiyo maana ukiangalia takwimu, ukosefu wa ajira haukuvuka sana asilimia 5 hata katika miaka mibaya. Paa likaonekana halivuji. Kumbe maji yote yalielekezwa chumba kimoja, chumba cha vijana.

Wajapani wenyewe wanakiita kizazi kile kizazi cha enzi ya barafu, maana ajira ziliganda. Mwaka 2003 ni zaidi kidogo tu ya nusu ya wahitimu wa vyuo vikuu walioingia moja kwa moja kazini. Wengine wakawa vibarua wa mikataba mifupi, muuzaji wa zamu ya usiku, mpakiaji wa ghala, mwaka baada ya mwaka, wakiwa na shahada mkononi.

Mnataka kujua kidonda kile kilipona? Mwaka 2019 mji wa Takarazuka, katika mkoa wa Hyogo, ulitangaza nafasi tatu za utumishi wa mji kwa ajili ya watu wa kizazi kile tu, waliokuwa sasa na umri wa kati ya miaka 36 na 45. Nafasi tatu. Walioomba walikuwa 1,816. Waliomba kutoka kila pembe ya nchi. Mwishowe mji ukawachukua wanne badala ya watatu. Nikiisoma habari hiyo huwa nafikiria wale 1,812 waliorudi nyumbani, watu wazima wenye mvi za kwanza kichwani, ambao kosa lao lilikuwa kumaliza chuo mwaka mbaya.

Na uchumi hausahau. Kijana asiye na ajira ya uhakika haoi, au anaoa amechelewa, na akioa anaogopa kuzaa. Baada ya vita, mwaka 1949, Japani ilizaa watoto karibu milioni 2.7. Watoto wale walipokua wakazaa wimbi la pili, zaidi ya milioni 2 kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya sabini. Wataalamu wakasubiri wimbi la tatu, la wajukuu, lije mwishoni mwa miaka ya tisini. Halikuja. Halikuja kwa sababu nyingi, sikatai: gharama za nyumba Tokyo, saa ndefu za kazi, mama kulazimika kuchagua kati ya kazi na mtoto. Lakini mimi siwezi kuutenganisha ukame ule wa watoto na milango iliyofungwa ya mwaka 1995 na 2000, kwa sababu waliotakiwa kuwa wazazi ndio haohao waliokuwa nje ya mlango.

Mwaka 2024 watoto wa Kijapani waliozaliwa walikuwa takriban 686,000. Soma tena: kutoka milioni 2.7 hadi 686,000. Kati ya kila Wajapani 10, karibu 3 wana zaidi ya miaka 65. Nyumba tupu nchini mwao sasa ni kama milioni 9. Shule za vijijini zinafungwa, na nchi iliyokuwa inajivunia kutotegemea wageni sasa ina wafanyakazi wa kigeni zaidi ya milioni 2, wengi wakitoka Vietnam, China, Ufilipino na Nepal.

Kwa hiyo lile deni la serikali linalotajwa kila siku, mimi si ndilo ninalolihofia zaidi. Karibu nusu ya hatifungani za serikali, yaani hati ambazo serikali hukopea fedha, zimeshikwa na Benki Kuu yao wenyewe, na sehemu kubwa ya zilizobaki ziko ndani ya nchi. Riba ikipanda litauma, na imeanza kupanda: Machi 2024 Benki Kuu ilimaliza miaka minane ya riba iliyo chini ya sifuri, na Januari 2025 ikafika asilimia 0.5. Lakini deni la fedha lina njia za kulipwa. Mtoto ambaye hakuzaliwa mwaka 2000 huwezi kumwajiri mwaka 2025.

Msiondoke hapa mkidhani nimekuja kuizika Japani. Hapana. Nguvu yake nimeiona mahali pengine, na mfano ni huu.

Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko la ukubwa wa 9.0 lilipiga pwani ya kaskazini mashariki, likaleta mawimbi ya tsunami, na mtambo wa nyuklia wa Fukushima ukaharibika. Katika mkoa wa Ibaraki kulikuwa na kiwanda cha Renesas kinachotengeneza chipu zinazoongoza injini na breki za magari. Kilibomoka ndani. Makampuni ya magari ya Japani, Marekani na Ulaya yakashtuka kugundua kwamba yote yanakitegemea kiwanda kimoja. Je, walifanyaje? Watengenezaji magari, ambao sokoni wanachinjana, walipeleka mafundi wao. Wauza mitambo wakapeleka wao. Siku nyingine walikuwa watu zaidi ya elfu mbili ndani ya kiwanda ambacho si chao, wakisafisha mashine, wakipima, wakifunga, usiku na mchana. Tarehe 1 Juni, haijatimia hata miezi mitatu, kiwanda kikaanza tena kuzalisha, mapema kuliko ilivyokadiriwa.

Hiyo huioni kwenye asilimia ya ukuaji. Uchumi wa Japani mwaka ule ulionekana mdogo kwenye karatasi. Lakini nionyesheni nchi ngapi ambamo mshindani wako atakutumia fundi wake bora ili uinuke.

Na sasa kuna dalili za kuamka. Mjue, bei zilikuwa hazipandi kabisa kule. Mwaka 2016 kampuni moja ya barafu tamu za kijiti, zile wanazonunua watoto, ilipandisha bei kutoka yeni 60 hadi 70 baada ya miaka 25. Viongozi wake na wafanyakazi wakasimama mstari mbele ya kiwanda, wakainama kwenye tangazo la televisheni kuomba radhi. Kwa yeni 10! Mfanyabiashara asiyethubutu kupandisha bei kwa miaka 25 hathubutu pia kupandisha mshahara, na hapo ndipo nchi ilipokwama. Mwaka 2024 vyama vya wafanyakazi vilipata nyongeza ya wastani wa zaidi ya asilimia 5, kubwa kuliko zote katika miaka 33. Tatizo ni kwamba bei za vyakula nazo zimepanda, mchele hasa, kwa hiyo mama wa nyumbani bado hajaihisi nyongeza hiyo mfukoni.

Nimalizie na ninyi wa magari, maana najua mnasubiri. Mjapani anayemiliki gari hulipeleka kwenye ukaguzi wa lazima wa serikali, mara ya kwanza baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na gharama yake si ndogo. Wengi huona heri kuuza. Wao huendesha kushoto kama sisi, basi IST na Noah zikapanda meli zikaja kwetu. Biashara yenu imesimama juu ya sheria ya nchi nyingine na juu ya wingi wa wanunuzi wake wa magari mapya. Wanunuzi hao wanapungua: mwaka 1990 magari mapya yaliyouzwa Japani yalikuwa zaidi ya milioni 7.7, mwaka 2024 yalikuwa milioni 4.4. Zaidi ya theluthi ya hayo ni yale madogo ya injini isiyozidi cc 660, na mengi ya yaliyobaki ni ya haibridi, yaani yanayotumia petroli na umeme, yenye betri kubwa na kompyuta nyingi. Yeni imeshuka, Julai 2024 dola moja ilivuka yeni 160, kwa hiyo leo mnanunua kwa unafuu. Unafuu huo ni wa kitambo. Anayeuza vipuri leo, kama fundi wake hajui kufungua betri ya haibridi na kusoma hitilafu kwenye kompyuta, ampeleke akajifunze mwaka huu, na amchukue na kijana mmoja wa pembeni yake aende naye.

Ahsanteni sana kwa kunivumilia. Mwenyekiti, tuchukue maswali.